Neno la Mjomba

“Ungetaka nikuambieje?”

Dereva alimwuliza baba swali hilo uani kwetu Newala, amekaa chini mchangani, kofia ameiweka juu ya goti. Baba aligeuza uso akanitazama mimi, kwa sababu katika nyumba ile mimi ndiye niliyekuwa na sifa ya kuulizauliza, na huenda alidhani mtu anayeuliza sana lazima awe na majibu mahali fulani. Sikuwa nayo. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nasoma shule ya bweni ya wasichana kule Masasi, na hakuna somo lililokuwa limenifundisha namna ya kumpa mtu habari ambayo ameshaamua kuicheka. Nimesoma mpaka chuo kikuu tangu siku ile. Somo hilo sijakutana nalo bado.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza, ingawa wakati huo hakuna aliyejua kuwa ni ya mwisho. Baba alikuwa seremala. Karakana yake ilipakana na duka la Mhindi, na barazani pa duka hilo alikaa fundi cherehani, mtu mwembamba mwenye mdomo mchungu, aliyeshona kaptula za maaskari na za makarani wa boma. Mhindi alikuwa na redio iliyotumia betri ya gari. Jioni, wanaume wakirudi kutoka kwenye mikorosho, walikaa pale wakisikiliza taarifa ya habari, na taarifa ikiisha walibaki wakibishana. Mimi nilitumwa kuzoa maranda ya mbao kwa ajili ya kuwashia moto, na nilijifunza kuyazoa polepole sana.

Mwaka ule walibishana jambo moja tu. Mtoto wa shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa amechaguliwa kuichezea Tanganyika katika kombe la nchi nne: sisi, Kenya, Uganda na Unguja. Alikuwa ameondoka Newala miaka michache nyuma kwenda kupakua mizigo bandarini Dar es Salaam. Alipiga mpira kwa mguu wa kushoto. Mwalimu alipolisoma jina lake gazetini, baba alikata kile kipande, akakibandika kwenye ukuta wa duka kwa uji mzito wa muhogo, na kila aliyekuja kununua chumvi aliambiwa asome. Aliyekuwa hajui kusoma alisomewa.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Baba ndiye aliyempeleka kijana yule jandoni, ndiye aliyemruhusu kwenda Dar es Salaam, na sasa barazani alisikilizwa kama vile mguu ule wa kushoto aliuchonga yeye mwenyewe kwa patasi.

“Tutafungwa,” alisema fundi cherehani bila kuinua uso. “Uganda watatufunga, Kenya watatufunga, na Unguja, ambao wote wanaenea katika mnada wa Tandahimba, nao watatufunga.”

“Huna imani,” alisema baba. “Umeshona kaptula za serikali mpaka moyo nao umepigwa pasi.”

“Nazishona, ndiyo maana navijua viuno vya watu. Mganda anakula ndizi na nyama mpaka anaomba kupumzika. Wetu anakula muhogo mkavu, anabeba magunia kutwa, jioni ndiyo anaambiwa sasa kaikimbilie nchi.”

“Muhogo ndio unaopiga shuti.”

“Muhogo unapiga kiungulia.”

Watu walicheka. Mmoja akauliza tukishinda kombe litakaa wapi. Baba akasema litakaa Tanganyika.

“Tanganyika ndiyo nyumba ya nani?” akauliza fundi. “Litakaa mezani kwa Gavana. Bwana Shauri wa boma atalitia maua.”

Hapo kila mtu alitazama miguu yake, kwa sababu tarishi wa boma alikuwa amekaa pembeni anakunywa chai. Tarishi naye akatazama kikombe chake kama mtu aliyeziba masikio.

Niliuliza, nikiwa na kapu la maranda kichwani, kama kuna yeyote pale aliyewahi kuwaona Waganda wakicheza. Hakukuwa na hata mmoja. Nikauliza basi wanajuaje. Fundi cherehani alisema hilo ndilo swali la kwanza la maana kuulizwa barazani tangu masika, na baba akaniambia nipeleke maranda nyumbani.

Sasa dereva. Alikuwa Mmakua wa Masasi, aliendesha lori la tajiri mmoja kati ya Lindi, Nanganga, Masasi na kwetu juu, na mara nyingine aliteremka mpaka Mtwara. Wamakua na sisi Wamakonde ni watani, na mtani haji na salamu; huja na tusi. Asipokutukana, utajiuliza umemkosea nini. Anaweza kuingia jikoni akajipakulia, anaweza kukuzulia kifo, na ukikasirika wewe ndiye mshamba. Dereva huyu aliimudu kazi hiyo kuliko wote niliowajua. Mwaka uliotangulia alisimamisha lori mbele ya karakana, akashuka akilia machozi ya kweli, akamwambia baba kwamba rafiki yake wa Nanganga, waliyecheza naye jando moja, amefariki. “Sitanii, mtani,” alisema huku akijifuta uso kwa kofia. Baba alifunga karakana, akanunua sanda, akapanda gari na gunia la unga la kusaidia matanga. Alifika Nanganga amevimba macho, akamkuta marehemu amekaa mlangoni anakunywa uji. Akamkaribisha.

Masasi nzima ilicheka. Baba alicheka pia, maana ndiyo sheria. Lakini ile sanda aliirudisha nyumbani, ikakaa juu ya kabati, na kila mgeni aliyekuja aliulizia habari zake. Tangu hapo mtu akitaka kumnyamazisha baba barazani alimwuliza tu: Nanganga hawajambo?

Mabibo yalikuwa yameanza kuiva, njia zote zinanuka utamu ule mkali, lori lilipopanda kutoka Mtwara likiwa na magunia matupu ya kununulia korosho. Dereva alikuwa ametoka Dar es Salaam, alikotumwa na tajiri wake kufuata springi za lori, na alikuwa amerudi kwa meli. Aliteremka, akasimama mbele ya baraza, mkono kiunoni.

“Wamakonde, bado mnanawa kwa umande?”

Ni kweli maji tuliyafuata bondeni, mwendo mrefu wa kushuka na mrefu zaidi wa kupanda. Baba alimjibu pale pale. “Na nyie bado mnagongana vichwa na majabali ya Masasi mkidhani mmekutana na ndugu?”

Walicheka. Dereva naye akacheka, lakini kwa kifupi. “Mtani,” akasema, “nimemwona mpwa wako Dar es Salaam. Mguu umeoza.”

“Wako ulianza lini?”

“Sitanii.”

Fundi cherehani akapiga makofi mara moja, pa. “Kasema hatanii. Na Nanganga je, alikuwa anatania?”

Kicheko kilikuwa kikubwa hata Mhindi akatoka ndani kuangalia. Dereva aliinua mkono kama mtu anayesimamisha gari. Alisema maneno yake kwa haraka, nami niliyasikia yote. Timu ilikuwa ikijipima nguvu na vijana wa bandarini. Mpwa alipigwa teke chini ya goti, mfupa ukatoka nje, kidonda kikaingia uchafu. Alilazwa. Daktari alitaka kuukata mguu juu ya goti kabla sumu haijapanda, akamwambia mgonjwa kwamba yeye ni mtu mzima, akisema ndiyo inatosha. Mgonjwa akasema hawezi kujikata mwenyewe, ana mjomba.

“Amenituma kwako,” alisema dereva. “Nipe neno. Meli inarudi keshokutwa kutoka Mtwara, nina mtu jikoni mle atalifikisha.”

“Mguu upi?” aliuliza mtu.

“Wa kushoto.”

“Ahaa,” alisema fundi cherehani. “Angalia alivyochagua.”

Wote wakamtazama baba. Alikuwa na randa mkononi. Alipuliza maranda yaliyonasa kwenye ulimi wa chuma, taratibu, kama kawaida yake kabla ya kusema jambo zuri.

“Waambie wakate,” alisema. “Na wa pili wakate. Waganda atawafunga kwa kichwa.”

Nadhani kicheko kile kilisikika mpaka boma. Dereva alifungua mdomo. Kwa watani anayenyamaza ndiye aliyeshindwa, kwa hiyo watu walingoja kusikia atakachojibu, na jibu halikuja. Alimtazama baba, akautazama ukuta wenye kipande cha gazeti, akavaa kofia. Wakampigia baba makofi. Lori likaondoka kuelekea Tandahimba, na vumbi lake lilikuwa bado halijatua walipoanza kusimuliana: na wa pili wakate!

Wakati wa kula nilimwuliza baba itakuwaje kama ni kweli.

“Habari ya namna ile haisemwi barazani,” alisema. “Mtu huja nyumbani. Hukaa chini. Yule alisimama, mkono kiunoni.”

“Labda amezoea tu kusimama hivyo.”

“Kula.”

Nilikula. Lakini asubuhi, tulipokuwa tukishuka bondeni na ndoo, nilimwambia shangazi. Sijui nilitegemea nini. Pengine nilitaka acheke ili nami niache kuwaza. Alicheka kweli. Alimwita dereva mwizi wa kuku, akasema akija tena atamnyima hata maji ya kunywa. Tukaendelea kushuka. Njia pale inapita kwenye mawe yaliyoteleza kwa nyayo za akina mama wa miaka na miaka, na mtu huangalia mguu wake, hamwangalii mwenzake. Katikati ya mteremko akasema, bila kugeuka:

“Alisema mguu gani?”

“Wa kushoto.”

Tulifika kisimani. Alijaza ndoo yake, akaimwaga, akaijaza tena.

Siku hiyo hiyo alikuja karakanani. Ilikuwa si kawaida yake. Alisimama nje ya mlango, kanga ameikaza kifuani. “Kaka, niache niende nikamwone.”

“Ukienda ukamkuta anakimbia uwanjani?”

“Nitakaa hapo hapo nimtazame anavyokimbia.”

“Watatuimba mpaka Lindi. Mtoto naye watamwimba, mbele ya timu yake, kwamba mama yake kaletwa na mtani kama mbuzi wa mnada.” Baba aliweka msumeno chini. Hakuwa mtu mkali, nataka hilo lieleweke. Alifikiri, kisha akatoa shauri ambalo mpaka leo naliona lilikuwa na akili. “Mashindano yamekaribia. Redio itasoma majina ya wanaocheza. Tukilisikia la kwake, yamekwisha. Tusipolisikia, nitakwenda mwenyewe. Subiri.”

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona mtu mzima akikubali kwamba ubishi ungeweza kumalizwa kwa ushahidi. Nilifurahi. Shangazi hakufurahi, ila kauli ya ukoo ilikuwa imetoka, akarudi nyumbani kusubiri.

Kusubiri kwake kulikuwa kwa kazi. Alipalilia pasipo na magugu. Aliokota korosho kabla hazijaanguka vizuri. Mimi likizo yangu ilikuwa haijaisha, kwa hiyo nilishinda naye, na kila lori lilipounguruma likipanda aliinua kichwa, akakishusha. Barazani waliendelea. Nilipopita niliwasikia wakipanga timu: nani wingi, nani beki, nani apige penalti. Penalti walimpa yeye. Hata fundi cherehani alikuwa amelegea. Alisema tunaweza kutoka sare na Unguja, mvua ikinyesha.

Jioni ya mchezo wa kwanza shangazi alikuja dukani, akasimama karibu na mafungu ya dagaa, mwanamke peke yake. Wanaume wakampisha kidogo, wakiona haya. Mhindi aliongeza sauti. Ikaja kelele ya mkwaruzo, muziki, kelele tena, halafu mtangazaji akaanza kusoma majina. Alisoma kuanzia kipa. Nilikuwa nikiyahesabu kwa vidole ndani ya mfuko wa gauni. Alifika wa mwisho. Jina letu halikuwamo.

Kisha mtu mmoja akasema, “Wamemficha.”

“Naam. Akiba.”

“Mzungu yule anayewafundisha ni mjanja. Huwezi kumtoa simba siku ya kwanza.”

“Au redio imelimeza jina. Hamkusikia ule mkwaruzo?”

“Imelimeza, ndiyo. Mimi nilisikia mwanzo wake.”

Nilimtazama baba. Ushahidi aliouomba mwenyewe ulikuwa umekuja, na sasa alikuwa akitikisa kichwa polepole kukubaliana, si na redio, bali na wale waliokuwa wakiieleza. “Akiba,” alisema. “Wanamweka kwa Waganda.” Nimewaona tangu hapo watu wenye vyeo na vitabu wakifanya jambo lile lile, na kila mara naona randa ile mkononi mwa baba. Mtu pekee asiyetoa maelezo alikuwa fundi cherehani. Alikuwa ameshika sindano mdomoni na amemtazama shangazi.

Tanganyika ilifungwa siku hiyo. Nani alifunga, ngapi kwa ngapi, sikumbuki. Shangazi alikuwa ameshaondoka.

Baba alilala na jambo lile, nadhani, maana asubuhi alimwambia shangazi kwamba atakwenda Mtwara na lori la kwanza. Lori la kwanza ndilo lililomleta dereva.

Hakulileta mpaka dukani. Aliliacha barabarani akaja kwa miguu, akapiga hodi kwa sauti ya chini. Nilikuwa natwanga. Nikamwamkia, “Shikamoo.”

Siku zote alinijibu, “Marahaba, mke wangu, umenipikia nini?” Ndivyo watani wanavyowaita watoto wa kike wa watani, na mimi siku zote nilimwambia nimempikia panya. Siku ile alisema, “Marahaba, mwanangu.”

Shangazi alikuwa upande wa pili wa ua anamenya muhogo. Alilisikia hilo neno. Aliweka kisu chini, akaweka na muhogo juu yake, akavuta kanga akajifunika kichwa. Dereva alikuwa hajasema lolote bado.

Alikaa chini, akavua kofia. Alisema mpishi wa meli ndiye aliyemletea habari Mtwara. Kijana alikuwa amefariki. Wabeba mizigo wenzake wa bandarini walimzika huko huko, wakachanga sanda. Sumu ilipanda.

Baba alikuwa mlangoni na mfuko wake wa safari. “Hukuniambia,” alisema.

“Nilikuambia, mtani.”

“Ulikuwa unatania.”

“Nilisema sitanii.”

“Ndivyo mnavyosema siku zote.”

“Ndivyo tunavyosema,” alikubali dereva. Akaifuta kofia vumbi ambalo halikuwapo. “Ungetaka nikuambieje?”

Hapo ndipo baba aliponitazama.

Nimelipindua swali lile kila upande. Angekuja nyumbani badala ya barazani? Lori lilikuwa na safari, na huenda aliona aibu kumfikia mama mwenyewe kwanza. Angekaa chini? Baba angesema hiyo ndiyo Nanganga ya pili, safari hii kajifunza na kukaa. Angelia? Nanganga alilia. Kila alama ya ukweli waliyokuwa nayo walikuwa wameshaitumia kwa mchezo. Chuoni mwalimu wetu alitufundisha kwamba utani ni jambo jema, unapoza chuki kati ya majirani, unamfanya mgeni kuwa ndugu. Nilinyoosha mkono nikauliza ukweli ukitaka kupita, unapitia wapi. Alisema ni swali zuri, akaendelea na ukurasa uliofuata.

Matanga yalifanyika bila maiti. Watani walipanda kutoka Masasi, kama ilivyo desturi, kuja kuwachekesha wafiwa. Mmoja alifunga mguu wake wa kushoto kwa kamba nyuma ya paja, akarukaruka uani akiupiga mpira wa matambara, akaanguka, akalalamika kuwa mwamuzi ni Mwingereza. Watu walicheka. Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu, na machozi yakimtoka, na sikuweza kutenganisha kicheko na kilio. Dereva alikuwepo, amekaa ukutani. Hakufanya lolote. Wenzake walimtania kwa hilo, kwamba amekuwa padri.

Kabla hajaondoka baba alimfuata kwenye lori. Nilikuwa nimebeba mtungi wa maji ya safari, kwa hiyo niliwasikia.

“Lile neno,” alisema baba. “Ulilipeleka?”

Dereva alikuwa amekwisha panda. “Neno gani?”

“Nililosema barazani.”

“Barazani hukusema neno, mtani. Ulitania.” Akawasha gari.

Basi tulijua hivyo: kwamba kijana alingoja jibu la mjomba wake, na jibu halikufika. Baba aliishi na hilo. Alihamisha meza yake ya kazi upande wa nyuma wa karakana, ambako hakuna baraza, na mwaka uliofuata kombe lilipokuja tena hakutoka kusikiliza. Wengine walisikiliza. Walipanga timu, wakabishana kuhusu Waganda. Kipande cha gazeti kilikuwa bado ukutani, lakini mende walikuwa wameula ule uji wa muhogo, pamoja na sehemu kubwa ya karatasi iliyoshika uji. Mwaka bendera ilipobadilishwa, watu walizungumza kwamba sasa timu ni yetu kweli. Baba aliomba asamehewe, ana jeneza la kumalizia. Alifariki miaka minne baadaye, na ile sanda ya Nanganga, iliyokuwa juu ya kabati miaka yote, ndiyo aliyozikwa nayo. Aliagiza hivyo mwenyewe.

Sisemi kwamba mguu ungekatwa kijana angepona. Sijui, na wanaosema wanajua wananichosha. Huenda sumu ilikuwa imeshapanda tangu siku dereva alipoondoka Dar es Salaam. Huenda shangazi angefika, angemkuta hai, angemshika mkono, na kijana angekufa vilevile. Ninachojua ni kwamba hakwenda. Na kwamba kwa miaka yote iliyobaki, akitajiwa mwanawe, alisema kitu kimoja tu: alikuwa mtoto msikivu, alisema atamngoja mjomba, akangoja.

Shangazi alifariki mwaka juzi. Nilirudi Newala kwa mazishi. Baada ya maziko alinijia mzee mmoja wa Makote, amevaa koti la kaki lililofuliwa sana, akaniuliza kama mimi ndiye binti wa seremala. Alikuwa dresa wa hospitali Dar es Salaam wakati wa Mwingereza, sasa amestaafu, analima korosho. Alisema alimfahamu mtoto wa marehemu. Yeye ndiye aliyekuwa akimfunga kidonda.

Nikamwambia tunachojua sisi, kwamba alingoja neno la mjomba wake na halikufika.

Mzee alinitazama kwa mshangao. “Lilifika,” alisema. “Alilileta mpishi wa meli, mpaka kitandani. Nilikuwa nimesimama pale na bendeji. Kasema mjomba wako anasema wakate, na wa pili wakate, utawafunga Waganda kwa kichwa.”

Nilimwuliza ikawaje.

“Alicheka,” alisema. “Homa ilikuwa kali, lakini alicheka mpaka wa kitanda cha jirani akaamka. Akaniambia, Huyo ni mjomba kabisa, hilo ni la barazani. Mwambie daktari asubiri kidogo. Neno lenyewe linakuja nyuma.”